Tulifika Wawili: Maneno kwa Wanaojiandaa Kwenda Bagamoyo kwa Miguu

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu mliokubali mwaliko wa kukaa nasi jioni hii, asalaam aleykum.

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana wa VIWAWA, na ninyi wanakwaya mliotoka mazoezini moja kwa moja: nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa niwaeleze habari za hija ya miguu kutoka hapa Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kwa kuwa wengi mmeonyesha nia ya kwenda masika yakiisha. Mwenyekiti amenisisitizia niseme juu ya maandalizi: viatu, maji, mahali pa kulala. Nitayasema. Lakini kilichonifanya nikubali kusimama hapa ni jambo moja, nalo nalitanguliza kabla watoto hawajaanza kusinzia. Nendeni wawili wawili, na hao wawili wafike pamoja.

Mimi nilikwenda na jirani yangu. Wengi mnamfahamu. Ameketi pale karibu na dirisha, na ameniomba nisimtaje jina. Tumekaa nyumba za kupakana tangu watoto wetu walipokuwa wa kubebwa mgongoni. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu. Nilipomwambia nataka kutembea hadi kwenye msalaba wa Bagamoyo, nilitegemea ataniombea dua na kunifungia maandazi ya njiani. Akaniuliza, "Dada, unakwenda lini?" Kumbe naye alikuwa na nadhiri yake ya siku nyingi: kulizuru kaburi la Sheikh Ramiya, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yake. Barabara ni ile ile, mji ni ule ule. Tukaona hakuna sababu ya kwenda kila mtu kivyake.

Niseme kidogo kwa nini Bagamoyo, maana vijana wetu wanaijua zaidi kwa fukwe na picha za harusi.

Sisi Wakatoliki tunaukumbuka mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar, wakasimika msalaba karibu na bahari na kuanzisha misheni ya kwanza ya Kikatoliki upande wa bara. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania liliadhimisha Jubilei ya miaka 150, na mahali pa kilele palikuwa pale pale. Wengi wa wakazi wa mwanzo wa misheni ile walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Zanzibar. Hao ndio mababu zetu wa imani, ndugu zangu. Watu walioletwa pwani kwa miguu bila kuulizwa kama wanataka kutembea.

Kwa maana Bagamoyo ilikuwa mwisho wa safari za miguu kabla ya padre yeyote kufika. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka hadi pale, kilomita 1,200 na ushei. Mbele alitangulia kirangozi. Nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Na katika misafara mingi, watu waliofungwa. Tajiri mmoja wa Bagamoyo, Sewa Haji, alipata mali yake kwa kuandaa misafara hiyo, akatoa sehemu ya mali hiyo ijengwe hospitali hapa Dar es Salaam, na ndiyo iliyokuja kuwa Muhimbili. Mliowahi kuuguza mtu katika jengo la Sewa Haji pale Muhimbili, mjue mlikuwa mnahudumiwa na ile barabara.

Na huyo Sheikh Ramiya ambaye mwenzangu alikwenda kumzuru, jina lake kamili Yahya bin Abdallah, naye aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, kutoka upande wa Manyema, Kongo. Mtoto yule alisoma, akafanya biashara, akawa shehe mkubwa wa tarika ya Kadiria, na watu waliozaliwa huru wakawa wanamjia kuomba elimu na dua. Alifariki mwaka 1931, na hadi leo watu wanakwenda Bagamoyo kwa ajili yake. Mimi nilikuwa sijui habari hizi. Nilizisikia kutoka kinywani mwa mwenzangu, tukiwa tunatembea kati ya Boko na Bunju, na nilisimama barabarani. Yeye anakwenda kwa mtu aliyefika pwani akiwa mali ya watu, mimi nakwenda kwenye kanisa lililoanza na watu wa namna hiyo hiyo. Nadhiri zetu zilikuwa zinatoka kwenye mnyororo mmoja.

Tulianzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale karibu na bandari. Kulikuwa bado giza. Mwenzangu alikuwa ameshaswali alfajiri, mimi nikapiga goti nje ya lango, tukaanza. Selander, Morocco, Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach: sitawachosha kwa sehemu hiyo, mnaipita kila siku mkiwa mmesimama kwenye daladala. Niseme tu kuhusu kondakta mmoja. Alituona tumechoka, tukiwa na kanga mabegani na chupa za maji, akasimamisha gari, akasema, "Mama zangu, pandeni, sitaki nauli." Tukamweleza tunakokwenda na kwa nini. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, mimi na rozari yangu, mwenzangu na ushungi wake, akauliza, "Wote wawili?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi mniombee," akagonga bati, gari likaondoka. Jina lake hatukulipata. Kila jioni tulimtaja kama yule kijana wa daladala ya Tegeta, mimi katika sala zangu na mwenzangu katika dua zake.

Bunju tulilala kwa shangazi yake. Mama yule alitupokea kwa beseni la maji ya moto yenye chumvi kabla hata hajatuuliza habari za nyumbani, akatukalisha kwenye stuli, akasema salamu zitasubiri miguu. Usiku mwenzangu alitandika msala wake upande mmoja wa chumba, mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda na rozari. Tukamaliza karibu wakati mmoja, tukazima taa. Nimehudhuria makongamano mengi ya amani kati ya dini zetu, nayaheshimu, na yana kazi yake. Ila usiku ule hakuna aliyetoa hotuba, na nililala nikiwa na uhakika kwamba Mungu ameridhika nasi.

Ukivuka mto Mpiji umeingia mkoa wa Pwani. Mji unakuacha. Kuna mikorosho, kuna minazi, kuna upepo, wauza madafu wanakuita kwa jina la mama. Na huko ndiko mguu wa mwenzangu ulipokataa.

Alikuwa amevaa raba mpya, zawadi ya mwanawe. Tulipokaribia Kerege akaanza kuchechemea. Tulipomvua, kisigino cha kulia kilikuwa kimefanya lengelenge kubwa, limepasuka, na soksi imegandamana na ngozi. Tuliilowesha kwa maji ya kunywa mpaka ikaachia. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka barabarani, alikuwepo fundi viatu na sanduku lake la mbao. Aliishika ile raba, akaigeuza huku na huku, kisha akaomba ruhusa: "Mama, nikiikata haitarudi kuwa mpya." Mwenzangu akasema kata. Akachukua kisu, akaondoa sehemu yote ya nyuma inayopanda kisiginoni, taratibu, kama mtu anayemenya embe asitake kupoteza nyama. Akachana ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa vidole viwili, akautoboa, akaushona kwa uzi wa nailoni pande zote mbili ili upite juu ya mguu na kuacha kisigino wazi. Akampa avae, asimame, atembee hatua kadhaa, arudi. Akafungua upande mmoja, akaushona upya. Alipokea hela ya uzi tu. Ya kazi aliikataa.

Raba ilikuwa sawa, lakini mguu bado ulikuwa na kidonda. Mwenzangu akaniambia, "Dada, wewe tangulia. Mimi nitachukua bodaboda, nikukute kwa masista."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miguu yangu ilikuwa mizima. Nilikuwa nimepanga kuwahi misa ya kwanza ya Dominika pale misheni, na kwa mwendo wa kuchechemea misa hiyo isingewezekana. Nikamjibu, "Nitangulie niende kwa nani?" Hakusema kitu. Akanyoosha mkono nimwinue.

Kuanzia hapo tulihesabu nguzo za umeme. Nguzo kadhaa, tunasimama. Nguzo kadhaa, tunakaa. Waendesha bodaboda walituzoea, wakawa wanatupigia honi wakienda na wakirudi. Na kwa kuwa tulikwenda polepole, nilipata muda wa kufikiri juu ya wengine waliopita njia hiyo ya kuelekea Bagamoyo wakiwa na sababu nzuri ya kuachana, wakakataa. Hawa nataka niwataje kwa majina, kwa sababu nadhani tumewatendea vibaya katika kumbukumbu zetu.

David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo. Waliokuwa naye wangeweza kumzika pale, wakagawana vitu, kila mtu akashika njia ya kwao. Hakuna ambaye angewauliza. Waliongozwa na marafiki wawili, Chuma na Susi. James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa mwaka 1861 akiwa mvulana katika msafara wa watumwa, na alikuwa amebatizwa. Abdullah Susi, mtu wa pande za mto Zambezi, alikuwa Mwislamu. Nilipomkumbusha mwenzangu jambo hilo tulicheka wote wawili, tumekaa juu ya jiwe, yeye ameinua mguu.

Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza kutembea kwenda pwani. Safari ile ilichukua miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500, na njiani walizika wenzao. Walikuwemo wanawake, Halima mpishi mmoja wao. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta ofisa wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapo, njia mbele ni ya hatari. Wakakataa. Mbele zaidi wakapata habari kwamba watu wa huko hawataruhusu maiti ipite nchini mwao. Sikilizeni walichofanya. Walichukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa kitambaa kama maiti, wakawapa baadhi ya wenzao wayabebe kurudi nyuma kwa huzuni, kana kwamba wamekubali kwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo, wakapita nalo pamoja na mizigo mingine. Wale wa mabua, usiku ulipoingia, wakayatupa porini na kuwafuata wenzao.

Mimi hapo ndipo ninapowapenda zaidi. Watu waliotumwa kurudi nyuma na mzigo wa uongo walikuwa na kila nafasi ya kuendelea na safari ya kwenda makwao, lakini walirudi kwa wenzao.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ukawekwa usiku ule katika kanisa la misheni, ndiyo maana mnara wa pale unaitwa Mnara wa Livingstone. Wabebaji wakalipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili mwaka huo, na kati ya wabeba jeneza alikuwemo mmoja tu wa msafara ule, Jacob Wainwright. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi huko huko mwaka 1891, akiwa naye amebatizwa. Sina ugomvi na jina la mnara. Ila mkifika pale, nawaomba, mkishamaliza sala zenu, mtajeni Chuma, mtajeni Susi, mtajeni Halima. Mtu aliyebebwa ana mnara. Waliombeba wana midomo yetu tu.

Tuliingia Bagamoyo Dominika mchana, misa zote zimekwisha. Kuna ile njia ya misheni yenye miembe mikubwa huku na huku, mliowahi kufika mnaijua. Tulipofika mwanzo wake mwenzangu alisimama, akavua zile raba zilizokatwa, akazishika mkononi. Nami nikavua zangu. Ardhi ilikuwa ya baridi chini ya miembe. Tukaenda hivyo hadi kanisani, kisha hadi msalabani. Nilitarajia nitalia. Sikulia, nilisikia njaa, na nilisikia shukrani kubwa kwamba nina mtu wa kumwambia nina njaa. Nilisali kwa ajili ya wote mlionituma, nia zenu nilikuwa nimeziandika kwenye daftari, nikazisoma moja moja kwa sauti. Mwenzangu alikaa kando kidogo kwenye kivuli. Kila nilipomaliza nia moja aliitikia, "Mungu ajaalie."

Kisha nikajifunga kanga kichwani vizuri, tukaenda kwa Sheikh Ramiya. Sasa ilikuwa zamu yangu kukaa kando. Alisoma alichosoma, akamwombea mama yake, na nilisikia ametaja na jina la mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona. Nawaambieni wazi, mimi hija yangu ilitimia hapo. Msalabani nilifika, na namshukuru Mungu. Lakini kama ningetangulia na kuiwahi ile misa ya kwanza, ningekuwa nimerudi nyumbani na nusu ya kile nilichokwenda kukitafuta.

Sasa maandalizi, kwa ufupi, maana muda umekwenda.

Nendeni kati ya Juni na Agosti, kipupwe, jua halichomi sana. Wapo watakaowaambia kwamba kilomita 70 hivi si kitu, kwamba wako watu wanaotembea wiki nzima na zaidi kwenda Namugongo, Uganda, kwa ajili ya Juni 3, siku ya Mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886 na kutangazwa watakatifu mwaka 1964. Ni kweli, na wakirudi tuwapokee kwa heshima zote. Hija hupimwa kwa nia. Nendeni na kilomita zenu.

Viatu viwe vya zamani, vilivyouzoea mguu. Soksi za pamba, na za kubadilisha mchana. Sindano, spiriti, pamba na plasta. Tembeeni upande wa kulia wa barabara ili gari linalokuja mlione, na alfajiri vaeni vizibao vinavyong'aa, maana barabara ya Bagamoyo ina malori ya saruji kuanzia Wazo na hayana subira. Saa za jua kali, kaeni kivulini. Maji yapo njiani, madafu yapo, mihogo na chapati zipo, hakuna haja ya kubeba jiko. Mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza, na dawa zake ziwe pia kwenye mfuko wa mwenzake, si wake peke yake. Katibu atawasiliana na parokia za njiani kuhusu malazi. Na wenye ndugu Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga au Kiromo, tafadhali jitokezeni. Wala msiogope kuwa nyumba ni ndogo.

Kuhusu nani awe mwenzako, msichaguane kwa kasi ya miguu. Tafuteni mtu ambaye ukimwambia umechoka, atakaa chini. Akiwa wa jumuiya yako, vizuri. Akiwa jirani yako anayeswali msikiti wa mtaa wako, Baba Paroko amesema karibu sana, na atapewa nafasi na heshima ya kutimiza ibada zake njiani.

Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu pale mlangoni. Ina safu mbili za majina, ya kushoto wewe, ya kulia mwenzako. Asiye na mwenzake asiandike leo, aende akamtafute, karatasi itakuwepo hadi Dominika ijayo. Wenye maswali ya viatu, muulizeni huyu ndugu yangu pale dirishani. Ile raba ameileta, iko kwenye mfuko chini ya kiti chake.